Flashi Katika Zizi la Watu

Sijawahi kuipenda simu inayojifanya ina akili kuliko mwenye nayo. Niliyokuwa nayo miaka ile ilikuwa na tabia moja ya kukera: asubuhi, kabla sijanawa uso, inaniletea picha bila kuombwa. Inaandika kwa juu kwamba siku kama ya leo mambo yalikuwa hivi, halafu inafungua picha ya mwanangu wa kwanza amekaa kwenye beseni la kufulia, maji yamemfika kifuani, ananicheka. Mwanangu huyo alikuwa ameshafariki. Ilikuwa homa ya siku chache, kabla hajatimiza miaka mitatu. Tukamzika Chamwino kwa babu yake, na simu haikuwa imepewa taarifa.

Mume wangu alinishauri nizifute. Alisema kwa upole, na mimi nikamtazama mpaka akatoka nje kwenda kukinga maji, ambayo siku hiyo hata hayakuwa ya zamu yetu. Kuzifuta sikuweza, kuziona sikuweza. Ndipo mwalimu mwenzangu, tuliyekuwa tunapakana naye meza ofisini, akanipa njia ya tatu: ninunue flashi, nihamishie picha zote humo, kisha nizitoe kwenye simu.

"Ukizitaka utazikuta," alisema. "Usipozitaka, hazitakufuata."

Nafundisha shule ya msingi, na kwa tabia ni mtu wa kupanga. Kwangu chumvi haijawahi kukaa kwenye kopo la sukari. Lakini kazi ile niliifanya kama mtu anayekimbizwa. Nilinunua flashi ya buluu yenye kikamba cheupe, nikakaa sebuleni kwetu Makole, nikaunganisha simu na kompyuta yangu kuukuu, nikachagua kila kilichokuwamo cha miaka ile bila kufungua hata kimoja. Nikahamisha. Nikafuta kwenye simu, na kwenye kompyuta sikubakisha kitu. Mwenye akili timamu huweka nakala ya pili ili ya kwanza ikipotea asilie. Mimi nilibaki na moja tu mkononi, nikaiita akiba.

Flashi ikakaa kwenye droo ya meza ninayosahihishia madaftari. Hapo nilijidanganya. Nasahihisha hesabu za watoto wa watu, natia vema, natia kosa, na muda wote najua yuko pale chini ya mkono wangu. Mara kadhaa mume wangu alinikuta nimeishika tu, kompyuta haijawashwa. Shule zilipofunga nikaifunga kwenye leso nikaipeleka Chamwino.

Baba yangu ni mkulima na mfugaji, mtu wa maneno machache na utani usiokuwa na tabasamu. Nilimkabidhi leso nikamwambia mambo matatu kwa mkupuo: anitunzie, asiniulize kilichomo, na asinitajie habari za yule mtoto mpaka nitakapoanza mwenyewe. Akaifungua leso, akaigeuzageuza ile flashi.

"Na hii inakula nini?"

"Haili kitu, baba."

"Basi ni mfugo mzuri," akasema, akaitia mfukoni.

Miaka ikapita. Mungu akatupa mtoto mwingine, wa kike tena. Nikarudi kucheka, nikarudi kugombana na majirani kuhusu takataka, nikawa mtu wa kawaida. Flashi ile sikuiulizia. Baba naye alishika neno lake; nikienda Chamwino tunaongea mvua, tunaongea uwele, tunaongea nani kaoa. Nilimshukuru moyoni, ingawa wakati mwingine nilimwonea hasira kwamba anaweza kunyamaza kiasi kile.

Kilichonirudisha kwenye flashi ni dimpozi. Mdogo mtu alikuwa anakula uji, akacheka, ikatokea dimpozi kwenye shavu la kushoto. Mume wangu akasema kabla hajajizuia, "Kama dada yake kabisa." Nikamwambia hapana, ya dada yake ilikuwa kulia. Akasema kushoto. Nikasema kulia, na sauti ikapanda, mimi niliyemzaa, mimi niliyemwogesha, ndio nisijue dimpozi yake ilikuwa upande gani? Akamfuta mtoto uji kidevuni. Hapo nikafumba macho ili nimwone mwanangu nimalize ubishi, na nikaona beseni. Nikaona maji. Nikaona gauni la njano lililoanikwa kwa nyuma. Uso haukuja.

Sijui kama naweza kueleza hofu ile. Siku tuliyomzika nilijua nimempoteza. Hiyo ilikuwa huzuni, na huzuni ina pa kushikia. Hii ilikuwa kitu kingine. Nilikuwa nampoteza mara ya pili, na safari hii bila homa, bila msiba, kwa uzembe wa kichwa changu. Na duniani kote kulikuwa na mahali pamoja tu palipobaki na uso wake.

Nikampigia baba hapo hapo.

"Haiko hapa," akasema.

"Haiko hapo iko wapi?"

"Iko kwa rafiki yangu, upande wa Chemba. Salama salimini."

Inabidi nieleze, maana asiyetoka kwetu ataona baba yangu alikuwa amechanganyikiwa. Kwetu Ugogo mtu mwenye ng'ombe halazi wote kwenye zizi moja. Ukame ukipiga huku, kule mvua imenyesha. Ugonjwa ukiingia kijiji hiki, kile kimepona. Kwa hiyo hawa anawawekesha kwa shemeji, wale kwa rafiki, wengine mbali kabisa ambako hata jina la kijiji watoto wake hawalijui. Anayetunza anakamua, anakunywa maziwa, mbolea ni yake. Hachinji, hauzi. Na mwenye mali akija kuchukua, hachukui kama anayedai. Kuna namna yake ya kwenda na namna yake ya kusema. Baba alikuwa na rafiki wa hivyo, mzee wa Kisandawe, tangu wote wawili hawajaoa.

"Baba, ile si ng'ombe!"

"Ulisema nitunze," akajibu. "Kutunza ninakokujua ni huko. Ulitaka nilaze kitu chako kwenye nyumba yangu ya nyasi? Ikiungua je?"

"Lakini iko moja tu! Hakuna nyingine!"

"Hilo la moja hukuniambia," akasema.

Jumamosi iliyofuata alikuja Makole na mabasi ya asubuhi, amevaa koti lake la kanisani. Mtoto tukamwacha na baba yake. Nilibeba kompyuta, na baba akanituma dukani kununua sukari, majani ya chai na shuka zuri la mzee. Tukapanda basi la Kondoa. Tulipopita Msalato aliangalia uwanja wa ndege mpaka ukaisha, akasema mahali pote pale zamani alichunga, na kwamba ndege hazijui kuwa zinatua kwenye malisho. Kisha akanigeukia.

"Ukifika, flashi usiiulizie. Tutaulizia ng'ombe kwanza."

"Sijafuata ng'ombe mimi."

"Najua. Lakini mwalimu mzima huwezi kuingia mji wa mtu na kudai."

Nikamwambia sawa, kwa ile sawa ya wanafunzi wangu, isiyo na maana yoyote.

Tulishuka njiani, tukachukua bodaboda mbili, tukafika jua limepanda. Mzee alikuwa mfupi, mkavu, mwenye macho ya kucheka. Yeye na baba walishikana mikono muda mrefu wakitukanana kwa utani, huyu anamwambia mwenzake amezeeka kama jembe, mwenzake anauliza jembe gani, maana yeye hajawahi kumwona akilima. Kwa Kiswahili, ndiyo lugha yao wawili. Mkewe alipotaka kumwita mtu aliyekuwa nyuma ya nyumba alitumia Kisandawe chao chenye vidoko vya ulimi, kisha akatugeukia na Kiswahili tena, taratibu, akitukaribisha. Tukaletewa ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando. Nilikula kwa adabu. Baba akauliza habari za jike jeusi. Akauliza habari za yule mwenye baka tumboni. Mzee akajibu kila swali kwa kirefu, nani kazaa, nani alipata kupe, nani ana tabia ya kupiga teke.

Muda wote huo redio ilikuwa inaimba dirishani, ikichukua moto kutoka kwenye sola juu ya bati. Nyimbo za injili, kisha ngoma, kisha injili tena. Niliisikia bila kuisikiliza, mpaka nilipogeuka kuomba maji ya kunawa. Ubavuni mwa redio ilikuwa imechomekwa flashi ya buluu. Ina kikamba cheupe.

Nilisimama. Nikamsahau baba na jike lake jeusi.

"Mzee wangu, hiyo flashi ni yangu! Mmeitia nyimbo?"

Baba akakohoa. Mama mwenye nyumba akasimama na birika mkononi. Nilijua nimevunja adabu yote tuliyosafiri nayo tangu asubuhi, na nilikuwa nimejaa kiasi kwamba sikujali. Niliona tayari kilichotokea: kijana fulani amebofya, amefuta uchafu asioujua, amepata nafasi ya kuweka kwaya.

Mzee hakukasirika. Alinyanyuka, akapunguza sauti ya redio.

"Ni yako," akasema. "Nani kasema si yako?"

"Ilikuwa na vitu vyangu. Nyimbo zimeingiaje?"

"Nimekamua, mama." Alisema bila hata kutabasamu. "Ng'ombe wa mtu ukimtunza, maziwa unakunywa. Hii baba yako alinipa, nikaitazama, haina maziwa. Nikaenda mnadani kwa yule anayeuza nyimbo. Akaniambia, mzee, hii ina nafasi kubwa imelala bure. Nikamwambia tia nyimbo, lakini kilichomo usikiguse, kina mwenyewe. Nikamsimamia kichwani mpaka akamaliza. Akanichukia sana."

Akaichomoa, akaifuta kwenye shati, akanipa kwa mikono miwili.

Nikaiwasha kompyuta, nikaipapasa ubavuni bila kuliona tundu la kuichomeka. Mama yule akaweka birika chini, akanishikia kompyuta kwa pembeni isiyumbe. Zikatokea nyimbo, msururu mzima, nyingine zimeandikwa majina ovyo ovyo. Nikashuka chini. Nikashuka tena. Likaja faili langu na jina nililolipa mwenyewe, jina lake. Nikalifungua na picha zikaanza kujitokeza mojamoja, kompyuta ile ni nzito, kila uso unajichora kuanzia juu.

Nywele. Paji. Macho yale. Nikasema, "Ehe," kama mtu aliyekumbushwa neno lililomponyoka. Nililia, sina haja ya kuficha, lakini hakikuwa kilio nilichokuwa nakiogopa miaka yote. Nilikuwa nalia huku nasogeza picha mbele, nataka nyingine, na nyingine. Alikuwa na uso mpana kuliko nilivyodhani. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa, la siku aliyoanguka kwenye ngazi. Mama yule akauliza, "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye. Akasogea karibu zaidi, akaziangalia na yeye kwa makini, huku akiguna kidogo kila picha mpya inapofunguka.

Dimpozi ilikuwa kushoto. Picha zote nilizompiga yeye, kushoto. Ila zile tulizokuwa wawili, nimeinyoosha simu mbele yetu na kujipiga mwenyewe, dimpozi ilikuwa kulia, kwa sababu simu ile ilikuwa inageuza kama kioo. Hizo ndizo nilizokuwa nazitazama kila siku kabla hajaugua. Kumbe nilichokuwa nimekishika kichwani ni picha, na mtoto mwenyewe nilikuwa nimemwacha. Mume wangu alikuwa sahihi. Niliamua nitamwambia, ingawa si lazima iwe wiki hiyo.

Nikaanza kunakili kila kitu kwenye kompyuta, na safari hii sikufuta hata alama. Mstari wa kijani ulikuwa unasogea kwa uvivu. Moyo ukaanza kutulia, na aibu ikachukua nafasi. Nikapiga goti mbele ya mzee nikaomba radhi kwa kelele zangu. Akasema mwenye mali kuulizia mali yake si kelele. Baba akapata nafasi ya kutoa sukari na shuka, akatoa na maneno yake yote aliyokuwa ameyaandaa, mazuri kweli, na mimi nikakaa kimya kama inavyotakiwa.

Mama mwenye nyumba alikuwa bado amekaa pale karibu na kompyuta. Akauliza, polepole, "Kwa hiyo mtoto mnaondoka naye?"

"Picha ndizo hizi nazihamisha, mama. Ndiyo, nitaondoka nazo."

"Sisemi picha. Picha nimeziona leo." Alimtazama mumewe. "Nasema huyu mtoto wa kwenye redio."

Sikumwelewa. Nilimtazama baba, naye akawa anatazama vidole vya miguu yake. Mzee ndiye aliyesema. Alisema mwenye ng'ombe akija kumchukua, aliyetunza huachiwa ndama, ndivyo walivyokuta wazee wao. Wao hawataki ndama wa miguu minne. Wangeomba waachiwe huyo mtoto, wamemzoea.

"Mtoto gani?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

Alingoja mstari wa kijani ufike mwisho, akaniomba flashi kwa ishara, akairudisha kwenye redio. Wimbo ukaanza, akaubonyeza ukapita. Mwingine, akaubonyeza. Wa tatu. Kisha ikaja sauti ya mahali nilipopajua kabla sijajua ni wapi: kuku, bomba linalodondosha maji kwenye ndoo, uani kwetu Makole. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, changa, inasema, "Haya, sema."

Nilikuwa nimesahau. Tulikuwa tunajiandaa kwenda Chamwino sikukuu, nami sikutaka mwanangu akafike kwa wazee akajificha nyuma ya sketi. Nikawa namfundisha kuamkia huku simu inanasa, ili ajisikie. Niliponyakua kila kitu bila kuangalia, nilinyakua na hiyo. Redio haioni picha. Zile zote ilizipita. Ilipofika kwenye sauti ikaiona ni wimbo kama nyimbo nyingine, ikawa inaucheza zamu yake ikifika, miaka yote hiyo.

"Shikamoo babu," akasema mwanangu.

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitika mzee.

Hakuwa peke yake. Baba yangu, pale pembeni, na macho yake bado kwenye vidole vya miguu, alikuwa ameitika naye kwa pumzi hiyo hiyo, kwa mazoea kabisa, kama mtu aliyekwisha kuitika mara nyingi mahali hapo. Nilimgeukia. Hakuinua kichwa. Nilikuwa nimemkataza kumtaja, na hakuwahi kumtaja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mama," akaitika mama mwenye nyumba, akaongeza maneno ya kwao ambayo sikuyajua.

"Shikamoo mama."

Hakuna aliyeitika. Wale wazee watatu walikaa kimya, na kwenye redio nilisikika nikicheka, kisha ikakatika hapo nilipoizima siku ile. Kwaya ikaingia kwa kishindo.

"Hapo huwa tunanyamaza," mama yule akaniambia. "Hiyo si yetu kuitika."

Mzee alikuwa ameshanyoosha mkono. Akabonyeza, kwaya ikakatika, wakarudi kuku na bomba linalodondosha. Haya, sema. Akamwamkia babu, wakaitika wote wawili. Akamwamkia bibi, akaitikiwa. Nikasogea mpaka dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," nikasema.